KUONDOA KISIKI UWANI KWA GHARAMA NDOGO

Wananchi wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba kazi ya kukata mti uwani haiishi pale gogo linapolala chini. Hubakia kisiki, na kisiki ndicho kinachowashinda wengi, kwa vile fundi aliyelipwa kukata mti huchukua ujira wake akaondoka, na mwenye nyumba hukaa akikitazama masika baada ya masika. Wengine hungojea kioze. Wengine hukimwagia mafuta ya taa, chumvi au maji ya betri kwa kuwa wamesikia kwamba mtu fulani alifanya hivyo akafaulu. Somo la ukurasa huu ni namna ya kukiondoa kisiki kwa vifaa vilivyomo mitaani, bila ya kukodi mashine, na ni kwa nini kisiki cha mnazi hakifai kuachwa kioze wazi hata kama hakimuudhi mtu.

Ieleweke kwamba somo hili linahusu mti ambao umekwisha katwa au kuanguka. Ukataji wenyewe una taratibu zake chini ya Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, na mwenye kukusudia kukata mti aanze kwa Sheha wake.

CHONGA NA KISIKI CHA MNAZI

Chonga ni mdudu mwenye gamba gumu linalong'aa, mweusi au wa rangi ya kahawia iliyoiva, ambaye urefu wake hukaribia sentimita 4. Dume lina pembe juu ya kichwa. Wataalamu humwita Oryctes monoceros. Huruka usiku, hutua katika kilele cha mnazi na kutoboa mpaka kwenye moyo, yaani pale yanapochipukia makuti machanga. Kuti lililotobolewa likiwa bado limekunjwa hufunguka likiwa na mikato ya pembe tatu, mfano wa karatasi iliyokunjwa ikapitishwa mkasi. Mnazi mkubwa aghalabu hustahamili, ingawa mazao yake hupungua. Mnazi mchanga ukifikiwa moyoni hufa, kwani mnazi hauna tawi la akiba. Moyo wake ni mmoja tu.

Lakini chonga hazaliwi kileleni. Jike hutaga mayai katika kitu kinachooza: gogo la mnazi lililolala, kisiki, rundo la samadi au jaa la takataka za mimea. Mabuu wake ni weupe, wanene, wenye kichwa cha kahawia, na hulala wakiwa wamejikunja. Hula mti uliooza kwa miezi kadhaa kabla ya kugeuka na kuruka. Ndiyo sababu mtu aweza kuwa na kisiki kimoja uwani, asipate hasara yoyote yeye mwenyewe, na jirani yake aliyepanda miche kumi ya minazi akawa anaikuta inakufa mmoja mmoja bila ya kujua balaa limetoka wapi. Kisiki kilichoachwa kwa kuwa hakigharimu kitu kimeshagharimu, ila aliyelipa ni mtu mwingine.

Mwenye kisiki cha zamani akipige kwa kitako cha shoka. Kikitoa sauti ya debe tupu na kingo zake zikabomoka kwa mtaimbo, kichimbuliwe siku hiyo hiyo. Mabuu watakaoonekana watolewe wote wapewe kuku, na mti uliobaki uanikwe na kuchomwa. Gogo lenyewe nalo lisisahauliwe. Kuna watu walioondoa kisiki kwa jasho jingi, kisha wakaliacha gogo la mita kumi nyuma ya choo.

KABLA YA KUSHIKA JEMBE

Kwanza ujulikane mti ulikuwa wa aina gani, kwa sababu mizizi haifanani. Mnazi hauna mzizi mkuu. Chini ya ardhi shina lake huvimba mfano wa chungu, na kutoka kwenye uvimbe huo hutoka mizizi maelfu, kila mmoja wa unene wa kidole au chini ya hapo. Hakuna mzizi mmoja utakaomshinda mtu mwenye shoka. Kinachochosha ni wingi wake. Tena mnazi uliokatwa hauchipui, kwa hiyo hauhitaji dawa ya kuuua. Mwembe una mzizi mkuu unaoteremka chini na mizizi minene inayokwenda mbali, na kwa mti huo kazi ni ya siku kadhaa. Mwarobaini huchipua upya kwa nguvu kutoka kwenye kisiki, na asiyetaka machipukizi hayo hana budi abandue gome lote la kisiki mpaka chini ya usawa wa ardhi, kisha akifukie kisipate mwanga, na ayakate machipukizi kila yanapojitokeza. (Mwenye kuhitaji kivuli au fito aweza kuyaacha machipukizi mawili yaliyonyooka na kukata mengine, huyo hana haja ya kuendelea na somo hili.)

Wako wanaosita kugusa kisiki cha mbuyu kwa yale yanayosemwa juu ya mti huo. Kila mtu na itikadi yake. Ila mbuyu hauhitaji shoka jingi, kwani mti wake ni mlaini, umejaa maji, na ukishakufa huporomoka wenyewe ukabaki nyuzi nyuzi.

Pili iangaliwe ardhi. Katika kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina, jembe huingia vizuri baada ya mvua na kuta za shimo husimama. Katika mchanga kuchimba ni kwepesi lakini kuta za shimo huporomoka, kwa hiyo shimo lianzwe kwa upana zaidi. Kinamo kikiwa kimelowa hunata kwenye jembe, na kikiwa kikavu hugeuka jiwe. Kingojewe kiwe na unyevu wa kiasi. Kwenye maweni hali ni nyingine kabisa. Huko mizizi imepita katika nyufa za jiwe la matumbawe na imelishika jiwe kama vidole. Kisiki cha namna hiyo haking'oki, na mwenye kushindana nacho atavunja mpini wa sururu kabla ya kukitikisa. Kikatwe sawasawa na jiwe, kichomwe kwa moto mdogo kama itakavyoelezwa, na mizizi iliyomo nyufani iachwe.

Tatu, yajulikane yaliyomo chini: bomba la maji, waya wa umeme uliozikwa, karo, mtaro wa maji machafu. Mwenye nyumba aliyenunua nyumba kwa mwingine amuulize muuzaji au fundi aliyejenga. Mahali penye shaka pachimbwe polepole kwa koleo, wala sururu isipigwe kwa nguvu. Mzizi uliopita chini ya msingi wa nyumba usivutwe. Ukatwe kando ya ukuta na kipande kilichomo chini kiachwe humo humo. Kwa nyumba za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe, tahadhari hiyo ni kubwa zaidi, hasa kwa miti ya jamii ya mkuyu inayoota ndani ya kuta zenyewe: mzizi umekwisha kuwa sehemu ya ukuta, na kuuvuta ni kuuvuta ukuta.

KUCHIMBA NA KUPINDUA

Vifaa vinavyohitajika ni jembe, koleo, sururu, shoka, panga, mtaimbo na tupa ya kunolea. Ni nadra nyumba moja kuwa navyo vyote, na si lazima. Nyumba tatu au nne zikikusanya vilivyopo hutimia, na visiki vyao vikaondolewa kwa zamu. Tupa isidharauliwe. Shoka butu ndilo linalofanya kazi ya asubuhi moja iwe ya siku mbili.

Kwa kisiki cha mnazi, lichorwe duara kulizunguka shina kwa umbali wa nusu mita, na uchimbwe mtaro kwa kufuata duara hilo mpaka kina cha sentimita 50 hadi 60. Mizizi itakayokutwa ikatwe kwa panga au jembe kali. Jioni mtaro umwagiwe maji yaliyokwisha tumika kufulia au kuoshea vyombo, wala si maji ya kunywa, na asubuhi yake udongo uliolala na unyevu utachimbika hadi chini ya uvimbe wa shina. Upande mmoja ukishakuwa wazi, kisiki kisukumwe kuelekea upande huo.

Kwa mwembe na miti ya namna yake, mtaro uwe mpana zaidi, na kila mzizi mnene ufuatwe mmoja mmoja. Uondolewe udongo, usuguliwe kwa fagio au umwagiwe maji, kisha ukatwe mahali pawili ili kipande cha katikati kitoke na shoka lipate nafasi ya kuingia. Wengi hukata mahali pamoja tu, na mzizi hubaki umebana pale pale. Usafishaji nao una sababu yake: mchanga ulioganda kwenye mzizi huharibu makali ya shoka kwa mapigo machache. Kwa sababu hiyo hiyo mafundi wa msumeno wa moto hukataa kuingiza msumeno wao udongoni, na wana haki. Mzizi mkuu huachwa mpaka mwisho. Kisiki kikishatikisika, kilazwe upande mmoja, na mzizi huo ukatwe ukiwa umevutika.

Hapa pana jambo ambalo lingeokoa nusu ya kazi kama lingejulikana siku ya kukata mti. Fundi huona fahari kukata mti sawasawa na ardhi, na mwenye nyumba hufurahi kwa kuona pamekuwa safi. Kumbe umeondolewa wenzo. Tufani ya mwezi wa Aprili, 1872 iliyoangusha sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya Unguja haikuchimba mizizi; ilisukuma juu, na urefu wa mti ukafanya yaliyobaki. Kamba ikifungwa kwenye shina mita 1.5 kutoka ardhini, watu wale wale kwa nguvu zile zile hukipindua kisiki mara tatu zaidi kuliko ikifungwa nusu mita. Basi fundi aagizwe kabla ya kuanza aache shina la kimo cha kifua cha mtu mzima. Shina hilo litakatwa baadaye, likiwa limelala.

Kwa kisiki ambacho tayari ni kifupi, itumike boriti nzee. Ncha yake iingizwe chini ya kisiki, jiwe kubwa liwekwe karibu na ncha hiyo liwe egemeo, na watu waelemee upande mrefu. Kila kisiki kinapoinuka, jiwe jingine litiwe chini yake kisirudi. Asiingize mtu mkono wake kuliweka jiwe hilo. Alisukume kwa mti.

Penye bahari hapakosi mwenye jahazi, na penye jahazi hapakosi kapi. Kapi likifungwa kwenye kisiki, na kamba ikafungwa kwenye mti imara ulio ng'ambo, ikapita katika kapi na kurudi kwa wavutaji, mvuto wao kwa kisiki huwa karibu mara mbili. Kamba isifungwe kwenye nguzo ya baraza wala kwenye ukuta. Kamba kuukuu ya usumba hukatika bila ya kutoa taarifa, na kamba yoyote inayokatika ikiwa imevutika hurudi kama mjeledi. Kwa hiyo asiwepo mtu aliyeivuka, wala mtoto aliyesimama kutazama kwenye mstari wake. Ama kuvuta kwa gari, wapo waliofanikiwa, lakini klachi iliyoungua si gharama ndogo.

Asiyekuwa na nguvu au nafasi akamwajiri kibarua, wapatane kwa kisiki kizima na si kwa siku, na patano litaje wazi kwamba ndani ya ujira huo kuna kufukia shimo na kuondoa vipande. Bila ya maneno hayo mwenye nyumba hulipa mara mbili.

MOTO

Mti wa mnazi ni mgumu pembeni na mlaini katikati. Kwa hiyo mwenye kutaka kuuchoma huanza kwa kuuchimba moyo wa kisiki kwa mtaimbo na shoka mpaka liwe shimo mfano wa jiko, kisha hulijaza vifuu na makumbi makavu. Moto wa makumbi hauna ndimi kubwa. Huwaka polepole na kula kuta za kisiki kutoka ndani. Maranda kutoka kwa seremala pia hufaa. Penye pipa bovu la chuma lililotobolewa juu na chini, likivishwa kisiki na kuinuliwa juu ya mawe matatu ili hewa ipite, moto hukusanyika mahali pamoja na kuni hupungua. Visiki vya miti migumu huchomwa hivyo hivyo, ila vikaushwe kwanza kwa miezi kadhaa.

Wakati wa moto ni kaskazi, Januari na Februari, ardhi inapokuwa kavu. Wakati wa kuchimba ni masika na vuli. Pasichomwe kitu siku ya upepo, wala karibu na paa la makuti, wala usiku. Pipa la maji au rundo la mchanga liwe karibu, na mtu mzima akae hapo mpaka mwisho. Kubwa zaidi ni kwamba moto wa kisiki huweza kuingia katika mizizi mikavu na kutembea chini kwa chini kwa siku kadhaa bila ya moshi wa kuonekana, na jivu juu yake likawa baridi. Mtoto aendaye peku akikanyaga hapo huingia katika makaa. Kwa hiyo siku ya pili pamwagiwe maji mengi, pachimbwe kwa koleo, na pazungushiwe miti mpaka mkono ukiwekwa ardhini usihisi joto. Mahali penye mawe watu wasiinamie moto, kwani jiwe lenye unyevu likipata joto hupasuka na kurusha vigae.

Mipira ya gari na plastiki isitumiwe kuwashia. Mafuta ya taa na petroli hayaongezi kitu, kwani huwaka juu juu yakaisha, na petroli imewaunguza watu nyuso. Chumvi nyingi huua kisiki, ni kweli, na huua pia kila kitakachopandwa hapo baada yake. Maji ya betri na oili chafu ndivyo vibaya kuliko vyote. Sehemu kubwa ya visiwa vyetu ni jiwe lenye vinyweleo, na kinachomwagwa uwani huteremka mpaka kwenye maji yale yale yanayotekwa kisimani.

KUOZESHA KWA KUFUKIA

Ipo njia isiyotaka nguvu wala moto, nayo ni kuozesha kwa makusudi. Inafaa kwa miti migumu iliyo mbali na nyumba, si kwa mnazi. Kisiki kikatwe chini kadiri iwezekanavyo, kitobolewe kwa keekee matundu ya upana wa sentimita 2 na kina cha 20 au zaidi, na matundu yajazwe samadi iliyokorogwa kwa maji au mbolea ya urea. Ukungu unaoozesha mti hupata chakula kingi katika mti wenyewe isipokuwa naitrojeni, na hicho ndicho kinachotiwa matunduni. Kisha kisiki kifunikwe kwa udongo wa kina cha sentimita 30 hivi, ukandamizwe, na juu yake pandwe viazi vitamu au kunde zitambae. Udongo huo si pambo. Ukipunguzwa, chonga atafika kwenye mti unaooza, na kila lililosemwa hapo juu litarudi. Karibu na nyumba njia hii haifai kabisa, kwa sababu mti uliofukiwa huwaita mchwa, na mchwa wakimaliza kisiki hawarudi walikotoka. Huingia kwenye fremu za milango na boriti. Mwenye kuichagua njia hii ahesabu miaka, si miezi.

SHIMO

Kisiki kikishatoka, shimo lifukiwe siku hiyo hiyo. Likiachwa wakati wa mvua hujaa maji, na maji yaliyotuama ni mazalio ya mbu. Likiachwa usiku ni hatari kwa wapita njia na mifugo. Vipande vya mti visirudishwe ndani kujaza nafasi, kwani vikioza ardhi hudidimia na chonga hupata makazi mapya. Utumike udongo mtupu, utiwe kwa matabaka na kushindiliwa, na uachwe umeinuka kidogo juu ya usawa wa uwanja kwa kuwa mvua ya kwanza itauteremsha. Mgomba au mpapai hukubali vizuri mahali hapo.

Mwenye minazi michanga iliyo na makuti yaliyokatwa pembe tatu, au aliyekuta mabuu katika kisiki asichoweza kukiondoa peke yake, amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lake kupitia kwa Sheha, na aende na kuti moja lililoharibiwa na mabuu wachache katika kopo.